Gari la Kuwasha na Kuondoka

Dalali aliniambia kwenye simu kwamba gari ni la mama mmoja mwalimu, analitoa nyumbani Jumapili kwenda kanisani tu, na sasa anasafiri ndiyo maana analiuza. Wiki hiyo nilikuwa nimeshapiga simu kwa watatu wengine. Gari la kwanza lilikuwa la mzungu anayerudi kwao, la pili la daktari anayekwenda masomoni, la tatu la mhasibu aliyepata uhamisho. Kumbe Dar es Salaam hakuna anayeuza gari kwa sababu limemchosha. Wote wanasafiri. Na cha ajabu, wote wanasafiri bila gari.

Nilikuwa natafuta gari la familia: dogo, milango minne, buti la kubeba gunia, na bei ya mtu anayelipa ada kwa awamu. Mfukoni nilikuwa na milioni 13 na nusu. Milioni moja kati ya hizo ilikuwa ya shemeji, na kwa hiyo milioni shemeji akajiteua mjumbe wa kudumu wa kamati ya ununuzi.

Ili nisije nikalaumiwa baadaye, nilianza na gari jipya. Niliingia kwenye duka moja lenye kiyoyozi na vioo hadi darini, binti akaniletea kahawa kabla hajaniuliza shida yangu. Bei ilikuwa imeandikwa kwa dola, kwa herufi ndogondogo kama maelezo ya kwenye boksi la dawa. Niliisoma, nikaimalizia kahawa, nikasema nitarudi na mke wangu. Mpaka leo mke wangu hajui kwamba anasubiriwa.

Njia ya pili ilikuwa kuagiza mwenyewe Japani. Huko gari linapigwa picha kila upande kama bi harusi, na ukiona bei yake unadhani wamesahau sifuri. Kisha nikafungua kikokotoo cha kodi cha TRA. Nililolitaka ni Premio la 2004. Ushuru wa forodha asilimia 25. Ushuru wa bidhaa asilimia 5, kwa kuwa injini imevuka cc 1,000 ila haijavuka 2,000. Asilimia 30 nyingine kwa kuwa gari limezidi miaka kumi, yaani faini ya uzee. Halafu VAT asilimia 18 juu ya vyote hivyo. Hesabu hizi hazijipangi foleni, zinapandiana mgongoni. Ukifika juu unakuta kodi imekaribia kulingana na bei ya gari pamoja na nauli ya meli. Unanunua magari mawili, unaendesha moja.

Nikarudi kwa madalali, watu ambao huwaambii bajeti yako lakini wanaijua.

Kwa nini Premio? Kwa sababu ndilo gari ambalo mtu mzima wa Dar es Salaam anafika nalo msibani bila kuonekana anajionyesha, wala kuonekana anahitaji mchango. Toyota walilitoa mwishoni mwa 2001 likiwa mrithi wa Corona, pamoja na pacha wake Allion aliyemrithi Carina, na 2021 wakaacha kuwatengeneza wote wawili. Yaani hata mwenye pesa zake akitaka Premio jipya leo, pesa hizo hazitamsaidia. Lile la cc 1,500 linatumia injini ya 1NZ, ambayo utaikuta kwenye Vitz, kwenye IST, kwenye Probox, hivyo vipuri vyake pale Gerezani, Kariakoo, vinauzwa kama nyanya: kuna vya fungu na vya kuchagua.

La mama mwalimu lilikuwa namba D. Ndugu zetu wa Kenya hawaruhusu gari lililozidi miaka minane kuingia nchini mwao, kwa hiyo wao huulizana mwaka. Sisi tunaulizana herufi ya kwenye namba ya usajili. Pacha wawili wametoka kiwandani siku moja mwaka 2004. Mmoja kaja mapema akapewa namba B, mwenzake kazunguka Japani miaka kumi zaidi ndipo akaja kupewa namba D. Yule wa B tunamwita mkweche, huyu wa D tunamwita kijana. Nimejaribu kumweleza shemeji kwamba herufi inahesabu siku za Tanzania tu, si umri wa gari. Akanijibu kwamba majirani hawasomi kadi ya gari, wanasoma namba.

Tukakutana na gari Jumamosi saa nne asubuhi, mimi, shemeji na fundi wangu, chini ya mwembe mmoja Sinza. Mama mwalimu hakuwepo. Nadhani alikuwa ameshasafiri. Fundi hakusalimia mtu. Aliweka kiganja juu ya boneti, akakiondoa haraka kama mtu aliyegusa kikaango cha chapati.

“Mmetoka nalo wapi?”

“Lipo hapa tangu jana, fundi. Ni jua tu.”

Fundi akatazama juu, kwenye majani ya mwembe yaliyofungamana hata anga haionekani. Hakusema kitu. Baadaye alinieleza kwamba injini ya baridi ni kama mtu aliyeamshwa usingizini, anajibu ukweli kabla hajakumbuka kudanganya. Ikiwashwa ya baridi ndipo utauona moshi, utazisikia tapeti zikigonga na mikanda ikilia. Ndiyo maana muuzaji mzoefu huichemsha kabla hujafika. Tukawaambia tutakaa tusubiri ipoe. Dalali akasema hana haraka, huku anaangalia saa.

Katika kusubiri, nikaamua na mimi nionyeshe utaalamu. Nilikuwa nimesikia kwamba gari lililogongwa likajazwa puti halishiki sumaku, basi asubuhi ile nilibandua kwenye friji yetu ile sumaku yenye umbo la nanasi. Nikaiweka kwenye bampa la mbele. Ikaanguka. Nikaiokota, nikaifuta vumbi, nikaiweka tena. Ikaanguka. Nikazunguka nyuma: bampa la nyuma nalo lile lile. Nikamvuta shemeji pembeni nikamnong'oneza kwamba tumeponea chupuchupu, gari hili lote ni puti. Fundi, akiwa amelala chini ya gari miguu tu ndiyo inaonekana, akasema, “Kaka, bampa ni plastiki.”

Nikaendelea na milango kwa sauti ya chini zaidi. Mlango wa dereva, ikashika. Wa abiria, ikashika. Mlango wa nyuma kulia nanasi likateleza polepole mpaka chini, likaangukia kwenye kiatu cha dalali. Tukatazamana.

“Hapo lilikwaruzwa na bodaboda,” akasema. “Kidogo.”

Lakini kilichonifurahisha zaidi siku ile sikukipata kwa sumaku. Dashibodi ilikuwa inasoma kilomita 84,000. Nilipofungua mlango wa dereva ili nikae, nikaona kwenye ukingo wa bodi, pale mlango unapofunga, kibandiko kidogo cheupe kilichofifia. Wajapani hukibandika pale gari linapobadilishwa oili. Maandishi ni ya kwao, siyajui hata moja. Ila tarakimu ni zile zile tulizofundishwa darasa la kwanza: 25.6.12, na chini yake, 131,870 km.

Shemeji akasema labda ni tarehe ya kuharibika. Nikakumbuka kwamba Wajapani wana kalenda yao inayohesabu kwa enzi za wafalme, na enzi ya Heisei ilianza 1989, hivyo mwaka wa 25 ni 2013. Yaani mwezi wa sita mwaka 2013, huko Japani, gari hili lilikuwa limeshatembea kilomita 131,870. Likaja Tanzania, likaendeshwa miaka yote hiyo, likarudi hadi 84,000. Gari pekee duniani linaloenda kanisani kinyumenyume.

Nikamwita dalali nikamwonyesha.

“Hiyo ni namba ya simu ya gereji, bosi.”

“Mbona mwishoni wameandika km?”

Hakumeza hata mate. “Kampuni ya Magari.”

Nakiri nilimpenda yule dalali kuanzia hapo. Aliyerudisha kilomita nyuma alikuwa ameifuta dashibodi, amebadilisha mpira wa kanyagio la breki, ameupaka usukani mafuta ukang'aa, lakini kibandiko alikiacha kwa kuwa kimeandikwa Kijapani akadhani hakuna atakayekielewa.

Injini ilipopoa tukaiwasha. Ikaitika mara moja, bila moshi, bila kelele. Fundi akasikiliza kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto, akachomoa kijiti cha oili ya gia boksi, akainusa, akasema haijaungua. Tukazunguka nalo hadi Mwenge na kurudi. Kwenye lami lilikuwa linateleza kama lipo juu ya maji. Fundi akasema kilomita zile si kitu, injini hii ikibadilishiwa oili kwa wakati itatuzika, tatizo ni uongo tu, na uongo una bei. Basi tukaukata uongo kwenye bei, pamoja na mlango wa nyuma kulia. Kutoka milioni 14 na laki mbili tukashuka hadi 12 na laki tisa. Mama mwalimu alipokuja kupokea pesa alikuwa na ndevu.

Asubuhi ya kwanza nilipowasha gari nyumbani, mwanamke akaongea.

Sauti laini, ya adabu, ya Kijapani, inatoka karibu na usukani. Anasema sentensi moja ndefu, kisha ananyamaza. Nikazima, nikawasha: akarudia. Wiki mbili niliendesha nikiamini ananionya kuhusu breki. Mwanangu wa kidato cha pili ndiye aliyenichunguzia: ni kifaa cha kulipia barabara za kulipia za huko kwao, na dada anasema kadi haijaingizwa. Fundi anataka elfu ishirini kumnyamazisha. Nimemwacha, nyumba nzima ndiye pekee anayenisemesha asubuhi bila kuomba hela.

Redio nayo inaanzia 76 na kuishia 90, kwa sababu huko kwao masafa ya FM ndiyo yalikuwa hayo, wakati vituo vyetu vingi viko juu ya hapo. Tunasikiliza kilichokubali kushuka chini.

Ukaguzi wenyewe, ule ambao mimi, shemeji na fundi hatukuufanya, ulifanyika mwezi wa saba tulipokwenda Muheza kumchukua mama mkwe aje akae nasi. Mama alikaa kiti cha nyuma, akafunga kanga yake vizuri, akatulia. Nikawasha gari. Dada akasema yake.

“Marahaba, mwanangu,” mama akajibu.

Hakuna aliyethubutu kumwambia. Segera tukasimama kunywa chai, tukawasha tena: “Marahaba.” Chalinze, sheli: “Marahaba.” Tulipofika Kibaha mama akaanza kunung'unika kwamba binti ana heshima lakini kila mara anaamkia tu, haulizi hata habari za huko Muheza.

Japani gari likizidi upana wa mita 1.7 linahamia daraja la magari makubwa, basi Premio wakalipima wakaliachia milimita 1,695. Zimebaki tano. Milimita tano ni unene wa punje ya mahindi, na nikiangalia kwenye kioo namna mama mkwe, mke wangu, shangazi yake na mdogo wetu wa mwisho walivyobanana nyuma, niliitamani hiyo punje. Buti lilikuwa na magunia mawili ya machungwa, maana hakuna anayetoka Muheza mikono mitupu. Mbele, mimi na huyo wa kidato cha pili, miguu yake juu ya debe la nazi.

Lami ikaisha pale tunapokata kuingia kwetu, Goba. Yeyote anayekaa Goba anajua mteremko ninaousema, una mtaro uliochimbwa na mvua ukakatiza njia. Gari likiwa tupu huvuka ukilipindisha kidogo. Siku ile lilishuka na tairi za mbele, kisha tumbo likakaa juu ya tuta kama kuku juu ya mayai. Chini kukalia krrrr. Nikakumbuka kwamba sisi gari tulilipima Mwenge, kwenye lami, watu watatu, buti likiwa na spea tairi tu.

Ikabidi nifanye jambo ambalo mkwe yeyote huomba Mungu asilifanye. Niligeuka nyuma nikasema, “Mama, naomba radhi, itabidi ushuke.”

Mama akashuka. Majirani wote walikuwa wametoka kupunga upepo wa jioni. Akapita kando ya gari na mkoba wake kwapani, mke wangu nyuma yake, shangazi nyuma ya mke wangu, na mtoto akiwa amebeba nazi, kama msafara wa harusi uliokosa bwana harusi. Vijana wa bodaboda wakalibeba gari upande wa nyuma. Buti likafunguka, machungwa yakatangulia kufika nyumbani. Nilipofanikiwa kutoka gari likazimika. Nikawasha. Dada akasema yake, dirisha likiwa wazi, na mama kule mbele bila kugeuka akajibu, “Marahaba! Wewe baki na huyo shemeji yako.”

Mwaka huu Mungu ametuongezea mapacha, na mke wangu ameshalitaja jina la Noah mara tatu bila kumaanisha nabii. Basi Premio linauzwa. Ni namba D, injini haijafunguliwa, mlango wa nyuma kulia una puti, na mimi sisafiri kwenda popote. Kibandiko bado kipo mlangoni, sikukibandua. Mwenye kutaka kulikagua aje mapema asubuhi, kabla sijaliwasha, na akiweza aje na mama mkwe wake.