Balbu ya Vifaranga na Redio ya Mzee

Nyumbani kwetu Marungu ilibaki balbu moja tu ya uzi, ya wati 60, nayo ilikuwa na kazi yake. Ilining'inia ndani ya katoni jikoni, ikiwapa joto vifaranga 14 wa mke wangu. Nyingine zote alizing'oa mwenyewe siku alipogundua zinavyokula tokeni za stima, akaweka hizi za siku hizi zenye mwanga mweupe usio na joto. Sasa nisikilize, ndugu yangu mwenye ndoa na watoto, halafu uniambie wewe ungefanya nini: balbu ile niliihitaji. Niliihitaji kwa usiku mmoja tu, na hakukuwa na kitu kingine ndani ya nyumba ambacho kingefaa.

Acha nianzie mbali kidogo. Mke wangu namwita Stesheni Masta, kwa sababu marehemu baba yake alikuwa mtu wa reli pale Voi, na binti alirithi mambo yote ya baba. Humu ndani hakuna treni inayoondoka kabla ya yeye kuinua bendera. Mzee aliponunua redio yake alikuwa akiishi kwenye nyumba za reli zenye stima. Ni Philips ya mbao, nzito, ya kubebwa kwa mikono miwili, yenye kitambaa cha rangi ya dhahabu mbele ya spika na vitufe vyeupe vilivyopangana kama meno. Alipostaafu akaja nayo huku Marungu, wakati ambapo ndovu walikuwa wengi kuliko nguzo za stima. Redio ya namna ile haikubali betri za tochi. Inataka stima ya ukutani. Basi ikawekwa sebuleni, ikafunikwa kitambaa cha kufuma, ikageuka meza ya kuwekea picha ya harusi. Mzee akafariki bila kuisikia tena. Stima ilipofika, kila mtu alikuwa na simu mfukoni, na kuku mmoja alikwisha kutagia ndani ya redio kwa mlango wa nyuma.

Aliyeifufua hadithi hii ni mama mkwe. Anaishi nasi sasa, nasi tunamwita Bi Taarifa, kwa kuwa hajawahi kulala kabla ya kusikia habari. Februari 2025, mtangazaji Leonard Mambo Mbotela alipotutoka, Kasuku, binti yetu mkubwa, alimsomea bibi yake habari hiyo kwenye simu. Bibi hakujibu neno. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaikazia macho ile meza ya picha ya harusi. Akasema: "Huyo mimi nilimsikia humo." Kipindi chake cha Je, Huu ni Ungwana? kilianza mwaka 1966, siku za Sauti ya Kenya, na Bi Taarifa alilea watoto saba akiwa nacho. Hata leo mtoto akipita mbele ya wageni bila kuamkia, anaulizwa swali lile lile, kwa sauti ile ile. Kabla ya hapo, anasema, walikuwa wakisikiliza Sauti ya Mvita kutoka Mombasa, na idhaa ya Kiswahili ya BBC iliyoanza 1957, majirani wamejaa mpaka mlangoni. Redio ilikuwa moja, na watu wote wa nyumba za jirani walicheka pamoja na kusikitika pamoja.

Basi mimi ningefanya nini? Niliondoa picha ya harusi.

Hapo ndipo shemeji yangu alipoingia. Yeye jina lake ni Tutarekebisha. Ukimwonyesha paa linalovuja, pikipiki iliyogoma au mbuzi anayechechemea, jibu ni hilo moja. Nampenda sana, na sijawahi kumshinda. Nilikuwa bado natoa manyoya ya kuku kwa brashi ya rangi, nikamwomba asubiri. Nilipogeuka kuchukua bisibisi, alikwisha kuchomeka plagi ukutani.

Kwanza ikawa kimya. Baada ya kama nusu dakika ukaanza mvumo, mzito, unaopanda. Ujue kwamba mama mkwe ni mtu wa Sagalla. Kule watu wanatundika mizinga ya nyuki kwenye waya kuzunguka mashamba ili kuwazuia ndovu. Ndovu akiugusa waya, mizinga inayumba na nyuki wanatoka. Masikio ya Bi Taarifa yanaujua mvumo ule. "Nyuki!" akapiga kelele, akamnyakua mtoto wetu mdogo, akatoka mbio. Kasuku akamfuata. Jirani aliyekuwa anapita na mtungi wa maji akaacha mtungi. Stesheni Masta akatokea jikoni na mwiko mkononi, na wakati huo huo ndani ya redio kikapasuka kitu, pa! Moshi wa harufu ya nta na lami ukajaa sebule na stima ya nyumba nzima ikakatika. Gizani nikasikia: "Tutarekebisha."

Usiku ule tulikula kimanga kwa mwanga wa simu. Hukumu ikatolewa na Stesheni Masta kabla sahani hazijaondolewa: shemeji asiiguse tena redio, na mimi nikaulize kwa mwenye kujua.

Nilimpata Voi, nusu saa kwa matatu, fundi mzee ambaye meza yake imejaa televisheni zilizofunguliwa matumbo. Nilimpelekea vali zote sita, zile chupa za kioo zinazowaka ndani ya redio, nimezifunga kwa soksi za watoto, kwa sababu niliamini zimekufa. Kila mtu niliyemuuliza alisema vali ndizo zilizokufa. Fundi akazisoma moja moja kama anayesoma majina ya wajukuu: ECH81, EF89, EBC81, EL84, EZ80, EM80. Akanifundisha kwamba ile E ya mwanzo maana yake uzi wa ndani unawaka kwa volti 6.3. Z ni ile inayougeuza mkondo wa stima uende upande mmoja. L ndiyo yenye nguvu, inayosukuma spika. M ni jicho, lile la kijani linaloonyesha kama umeikamata stesheni sawasawa. Akazipima. Tano nzima kabisa. Jicho lilikuwa hai lakini limechoka.

"Vali hazifi ovyo," akaniambia. "Kinachokufa ni hivi." Akanionyesha kapasita moja ya zamani, karatasi na foili zilizoviringishwa na kuzibwa kwa nta. Unyevu unaingia humo mwaka baada ya mwaka mpaka umeme unapita mahali usipotakiwa kupita. Zile kubwa za kusafisha mkondo nazo hukauka, na zikikauka ndipo unaposikia nyuki. Akaniwekea kidole juu ya moja, ile inayokaa kati ya EBC81 na EL84. Hiyo ikivuja, EL84 inafanya kazi kupita kiasi, inaungua, na inaweza kuondoka na transfoma ya spika. Watu wametupa redio nzima, na seti ya vali nzuri ndani yake, kwa sababu ya kipande kidogo kama punje ya hindi. Hili liliniuma, na bado linaniuma.

Nikanunua kapasita mpya za plastiki na lehemu, nikarudi. Kazi ilichukua Jumapili nne. Kasuku ndiye aliyeiokoa: kila waya niliokuwa nataka kuukata, aliupiga picha kwanza na kuufunga kipande cha karatasi chenye namba. Mdogo wetu, ambaye jina lake ni Mbona, alikaa juu ya kigoda na kuuliza. Mbona redio ina jicho? Mbona haina pua? Mbona usiguse hapo hata kama plagi imetoka? Hilo la mwisho nililijibu vizuri, kwa sababu kapasita kubwa zinaweza kubaki na zaidi ya volti 200 baada ya kuizima, na mtu anaweza kufa kwa redio iliyolala. Jumapili ya nne kapasita 13 za zamani zilikuwa kwenye bakuli la plastiki, na Stesheni Masta alikuwa analitafuta bakuli lake.

Sasa ndipo inapoingia balbu. Yule fundi aliniapisha: nisiichomeke moja kwa moja. Niweke balbu ya uzi njiani, stima ipite kwenye balbu kwanza ndipo iingie redioni. Kama ndani kuna mahali pamegusana, balbu itawaka kwa nguvu zake zote na redio itapona. Kama kuko salama, itawaka kidogo kisha itafifia. Balbu hizi nyeupe mpya haziwezi kazi hiyo. Ni ile ya uzi tu.

Stesheni Masta alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Nikamwendea mama mkwe, nikamweleza kwa adabu zote. Hakusita. Akatandika leso mapajani, akasema, "Walete." Nikawahamisha vifaranga 14 kutoka katoni hadi mapajani mwa Bi Taarifa, akawafunika kwa upande wa pili wa leso, akakaa mbele ya redio kama mtu anayengoja bibi harusi.

Nikawasha. Balbu ililipuka kwa mwanga, nami nikashika plagi tayari kuing'oa. Kisha, polepole, ukafifia, ukawa wa njano, ukawa mwekundu, ukabaki uzi mmoja kama kaa linalolala. Tukasubiri robo saa. Hakuna moshi, hakuna nyuki. Nikaitoa balbu njiani, nikaichomeka redio ukutani. Nyuma ya mbao nyuzi za vali zikaanza kuwaka, moja baada ya nyingine, rangi ya chungwa lililoiva, na harufu ya vumbi lenye joto ikatoka. Kwenye kioo jicho likafunguka, kijani hafifu. Nikazungusha kitufe. Ukapita mlio mrefu, halafu, kutoka mbali sana, sauti ya mtu akisoma Kurani. Usiku mawimbi ya kati husafiri mbali, kwa sababu tabaka la anga ya juu linaloyameza mchana hutoweka jua likizama. Bi Taarifa ni Mkristo wa tangu kuzaliwa. Alifumba macho, akasikiliza mpaka kisomo kikaisha, akasema "Amina." Machozi yalikuwa yanamtoka, na kifaranga mmoja alikuwa amepanda begani kwake.

Shemeji naye alikuwepo. Huwezi kumzuia kuja kuona. Alipoona nimefaulu aliruka kwa furaha, akakaa chini kwa furaha ile ile, na akaikalia balbu.

Mlango ukafunguka. Stesheni Masta akaona katoni tupu, akaona vigae, akamwona kaka yake akijipapasa, akamwona mama yake amejaa vifaranga. Saa tatu usiku hapa kwetu hakuna duka linalouza balbu ya uzi. Sikujitetea. Alivua viatu, akatembea mpaka kwenye redio ya baba yake, akaweka kiganja juu ya mbao. Akakiacha hapo. Nilidhani ananitafutia neno.

"Hii ina joto," akasema.

Tangu siku hiyo vifaranga wanakaa kando ya redio, katoni imeachwa nafasi ya kupitisha hewa nyuma, nami nimekubali. Stesheni Masta alipiga hesabu: redio inakula karibu wati 50, balbu ilikula 60. Basi redio huwashwa jua likizama na huzimwa kwa amri yake, na siku vifaranga watakapoota manyoya ratiba itaangaliwa upya. Waya wa antena niliounyoosha mpaka kwenye mwarubaini umekuwa kamba ya kuanikia nguo, na mashuka yakiwa mabichi, stesheni hupotea. Mchana vituo vyetu karibu vyote viko kwenye FM, ambayo redio hii haina, kwa hiyo nimeipitisha simu kwenye matundu ya nyuma yaliyowekwa kwa ajili ya gramafoni. Usijaribu hivyo kama redio yako haina transfoma ya stima. Taarifa ya habari ikitoka kwenye spika ile ina kifua, na jirani mwenye mtungi husimama mlangoni kila jioni. Wiki iliyopita nilihesabu watu tisa sebuleni, na hakuna aliyeangalia simu.

Limebaki jicho tu. Vali za jicho hupoteza mwanga kadiri zinavyotumika, na yetu huonekana gizani tu. Mbona huniuliza kila siku kama linaumwa. Kwa hiyo nakuomba, msomaji: kama kwenu kuna redio ya vali inayotumika kama meza, iwe Taveta, Wundanyi, Mombasa au ng'ambo ya mpaka Moshi, usiichomeke ukutani. Ifungue nyuma, futa vumbi, itazame ile vali iliyo karibu na kioo. Kama imeandikwa EM80 na huitaki, mpe dereva wa basi yeyote anayepita Maungu, jirani yetu. Nauli yake nitalipa mimi.