Namna ya Kuchagua Fimbo ya Kuvulia Bila Kuvua

Kwanza, bei ziwe sawa. Zikitofautiana huna haja ya mwongozo huu: mfuko utaamua, nawe utarudi nyumbani kabla foleni ya Barabara ya Bagamoyo haijakaza. Zikilingana, hapo mtu analazimika kufikiri, na kufikiri kunataka muda. Mimi nilianza mwezi wa sita, kusi ikivuma. Sasa kaskazi inabisha hodi na bado sijanunua.

Za kwangu zipo hapa hapa Tegeta, kwa muuza vitu vya mtumba anayefungulia makontena kando ya barabara: majiko, baiskeli za watoto, viti vya magurudumu. Kutoka kontena moja zilitoka fimbo mbili za kuvulia kwa nzi. Elfu sitini hii, elfu sitini ile. Usidhani bei hiyo ilitokana na ubora. Kijana wa duka alidhani ni antena.

"Bosi, hizi baba mmoja mama mmoja," aliniambia. "Wewe angalia rangi tu."

Usiangalie rangi. Angalia maandishi madogo juu kidogo ya mpini. Zangu zote mbili ni futi 9, zote za kaboni, zote zinagawanyika vipande vinne. Ila moja imeandikwa 5 na nyingine 9, na hapa niwie radhi nikucheleweshe, maana ndiyo sehemu pekee ya mwongozo huu yenye faida.

Uvuvi wetu wa mshipi unategemea chubwi. Chubwi ndiyo nzito, mshipi unafuata. Uvuvi wa nzi umegeuza mambo: chambo ni manyoya na nyuzi zilizofungwa kwenye ndoana zifanane na mdudu, hakina uzito hata wa kuvuka kibaraza. Kwa hiyo mshipi wenyewe ndio unaotengenezwa mnene na mzito, na fimbo inaurusha kama mchunga ng'ombe anavyochapa mjeledi. Ile namba ni uzito wa mshipi ambao fimbo inaumudu. Namba 5 ni ya trauti, samaki wa mito ya baridi ambao Waingereza waliwaleta milima ya Kenya kuanzia mwaka 1905. Namba 9 ni ya samaki wa kazi: wa baharini, au yule mwenye meno kama ya mbwa, wa mito ya Mnyera na Ruhudji, bonde la Kilombero, ambaye hakupewa jina lake la kisayansi, Hydrocynus tanzaniae, hadi mwaka 1986. Wageni husafiri mpaka huko porini, humvua kwa nzi, hupiga naye picha, kisha humrudisha majini. Nilipomsimulia mama watoto kipande hicho cha mwisho, aliacha kupepeta mchele akanitazama kwa muda.

Na ili usistarehe kabisa, namba za ndoana zinakwenda kinyume: ndoana namba 12 ni ndogo kuliko namba 6. Aliyepanga hivyo hakuwahi kuuza duka.

Basi mtu wa Tegeta, ambaye pwani ya Kunduchi kwake ni mwendo wa bajaji, achukue namba 9, alipe, aende zake. Dakika moja. Mtu huyo sina la kumwambia.

Wewe uliyebaki, nunua daftari la kaunta. Chora safu mbili. Nenda dukani kila Jumamosi, maana Jumapili huwa yupo mwenye duka, naye hana utani. Azima mzani wa muuza dagaa wa jirani upime fimbo zote mbili. Kisha kandamiza ncha chini uone mpindo unaanzia wapi: inayopinda tangu karibu na mpini huitwa ya polepole, inayopinda nchani tu huitwa ya haraka. Lakini usiyatamke maneno hayo kwa sauti. Mimi nilisema tu, "Hii naona ya polepole," kijana akadhani nalalamika, akanipunguzia elfu kumi. Unaona balaa hilo? Bei hazilingani tena, kurasa kumi na moja za daftari zimeharibika. Nikamsihi sana airudishe elfu sitini. Alikubali, ila tangu siku hiyo akiniona ananiletea kiti na maji ya kunywa.

Fimbo hazikuja na mshipi wala kigurudumu cha kuukunjia. Hilo halikunisumbua, sikuwa nimefika huko. Nilijaribu kurusha kwa kamba ya kuanikia nguo. Usifanye hivyo karibu na kijiwe cha bodaboda, na sababu usiniulize.

Ukimaliza kupima, tafuta ushauri, ila kwa watu wasiovua. Wanaovua wana majibu mafupi. Mimi nilikosea nikateremka Kunduchi Pwani na daftari langu. Nzi pale sokoni ni bure, wengi, na hai. Ng'ambo kinaonekana kisiwa cha Mbudya, eneo tengefu ambako kuvua ni marufuku, sharti ambalo mtu asiye na fimbo hulitimiza bila taabu. Na watu wa Kunduchi wana jicho la bidhaa tangu kale: magofu yao yana makaburi ya minara yaliyopachikwa bakuli za kaure kutoka China. Huwezi kuniambia hakuna marehemu mmoja aliyewahi kusimama kutwa mbele ya bakuli mbili za bei moja.

Chini ya mkungu nilimkuta mzee anatengeneza mishipi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kuhesabu watu?"

Nikamweleza ni daftari la fimbo. Nikamsomea safu zote mbili, uzito, mpindo, namba, yeye akiendelea kufunga ndoana. Nilipofika kwenye nzi wa manyoya akainua mkono nisubiri. Akanionyesha alichokuwa akikifunga: nyuzi nyeupe za mfuko wa salfeti, amezichambua zikawa laini kama ndevu za mahindi, zimeificha ndoana yote. Hiyo anaikokota nyuma ya ngalawa, nguru anaijia akidhani ni kisamaki. Hakuna chambo cha kununua. Mshipi wake umezungushwa kwenye kipande cha mbao.

"Sasa fimbo ya nini?" akauliza.

"Ya kurushia, mzee. Nzi afike mbali."

"Mbali mimi naenda mwenyewe."

Nikaandika hilo. Halafu akaliomba daftari, akalishika mbali na macho kama wafanyavyo wazee, akapitisha kidole juu ya safu zangu taratibu mpaka mwisho wa ukurasa.

"Ikikuponyoka mkononi," akasema, "ipi inaelea?"

Miezi mitano, na hilo halikunijia. Jumamosi naenda dukani na beseni.