Kila Mtu Anataka Kuwa Ruti

Ukitaka kuchukiwa ofisini bila kuiba wala kusengenya, kubali kazi ya kulinda seva. Mtu akigomewa na faili haisemi kompyuta, ananisema mimi. "Fundi, umenifungia!" Hata salamu hakuna.

Nimeeleza mpaka mate yamenikauka. Kwenye seva ya Linux kila faili lina mmiliki mmoja na kundi moja. Waliobaki wote ni "wengine". Kila upande hupewa au hunyimwa mambo matatu: kusoma ni 4, kuandika ni 2, kuendesha ni 1. Jumlisha. Faili likiwa 640, mmiliki anasoma na kuandika, kundi linasoma tu, wengine wakalale. Hesabu ya darasa la kwanza hiyo, lakini mweleze mwenye shahada mbili uone anavyokutolea macho.

Utaratibu huu tumeurithi kwa Unix, iliyoanza kuundwa Bell Labs, Marekani, mwaka 1969, enzi ambazo kompyuta moja ilitumiwa na watu wengi. Wazee wale walijua binadamu akiachiwa cha wenzake atakifanya nini.

Sikatai, mfumo wenyewe nao una vituko. Mhasibu wetu alilifunga faili lake asiliandike mtu, na bado likafutwa mchana kweupe. Alinijia juu kama mimi ndiye mwizi. Mama, kufuta hakuangalii ruhusa ya faili, kunaangalia ruhusa ya kuandika kwenye folda lilimo! Na mmiliki akijinyima mwenyewe kusoma, seva haijali kwamba yumo pia kwenye kundi linaloruhusiwa: mwenye mali anabaki nje, wanakundi wanapita.

Halafu kuna kijana wa mauzo. Nimemwingiza kwenye kundi jipya, nikamwambia atoke kwenye akaunti aingie upya ndipo seva imtambue. Hataki. Eti ana madirisha mengi ya kazi. Nimechungulia: yote ni Simba na Yanga.

Dawa yao ni moja. "Fundi, weka saba tatu tu, tufanye kazi." Yaani 777: kila mtu asome, aandike, aendeshe. Hiyo ni daladala isiyo na konda, kila mtu anapanda na nauli haijulikani iko kwa nani. Faili likiharibika, wote walikuwa na ruhusa na hakuna aliyeligusa.

Bosi yeye hataki hata saba tatu. Anataka ruti, akaunti namba 0, isiyozuiwa na ruhusa za kusoma wala kuandika faili lolote. Amri ya seva hajui hata moja, ila hawezi kuvumilia kuandikiwa "ruhusa imekataliwa" ndani ya kampuni yake. Nimemjibu, "Mkuu, ruti ikiambiwa ifute, inafuta, haiulizi cheo." Kanuna tangu siku hiyo.

Basi ndugu zangu, seva ikikukatalia, kabla ya kunijia na ngumi mezani uliza mawili: faili hili ni la nani, na mimi nimo kundi gani? Ukikuta humo na kazi yako inalihitaji, omba uingizwe. Nitakuingiza leo leo. Kama hailihitaji, kanywe chai. Saba tatu siweki.