Ndevu, Wembe na Njia ya Ulaya

Mashine ya wembe ni kile kishikio cha chuma chenye kichwa kinachofunguka, ambamo hubanwa wembe mwembamba wenye makali pande mbili. Mmarekani King Camp Gillette alipewa hataza yake mwaka 1904. Mwaka mmoja kabla, kampuni yake ilikuwa imeuza mashine 51 tu na nyembe 168, na huenda nusu ya hizo zilinunuliwa kwa huruma. Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyoisambaza, jeshi la Marekani lilipoagiza mashine milioni 3.5 kwa ajili ya askari wake. Mashine zimebadilika mara nyingi toka hapo, lakini umbo la wembe ni lile la miaka ya 1930, kiasi kwamba wembe uliotoka duka la rejareja Kilosa mjini, hapa Tanzania, hukaa sawasawa ndani ya mashine iliyotengenezwa Solingen, Ujerumani. Mashabiki wa mpira wanaosema wembe ni ule ule hawajui wanavyowasemea mafundi wa viwandani.

Kwa kuwa wembe ni mmoja, kinachotofautisha mashine na mashine ni kichwa. Kati ya ukingo wa wembe na kitako cha mashine kuna pengo ambalo mara nyingi halifiki milimita moja. Pengo likiwa dogo, wembe unachungulia tu, na mashine huitwa pole. Likiongezeka kidogo, mashine huitwa kali, na mwenye haraka ya kuwahi treni ataelewa sababu.

Mfano wa mashine pole ni Merkur 34C. Ina vipande viwili, mpini mfupi mnene, na uzito wa gramu zisizopungua sabini, unaotosha kufanya kazi bila mkono kusaidia. Mühle R89 nayo ni pole, ila ina vipande vitatu, na vipande vitatu ni nafasi tatu za kukosea. Kitako kikigeuzwa juu chini, wembe haupindi inavyotakiwa, na aliyeifunga atanyoa upande mzima wa uso huku povu likiondoka na ndevu zikibaki. Ndugu yake R41 ni habari nyingine kabisa: ina meno kama kitana, pengo lake ni pana, na inasifiwa na watu wenye ndevu ngumu na subira. Zipo pia zinazofunguka kwa juu kama milango miwili ukizungusha kitasa cha chini. Hizo ni rahisi kubadilishia wembe, ila sabuni ikigandia kwenye bawaba zinakuwa na kiburi. Mwisho kuna mashine ya sokoni yenye mpini wa plastiki, isiyo na jina la kuaminika, ambayo wakati mwingine hunyoa vizuri kuliko bei yake inavyoruhusu. Merkur moja ikiagizwa kutoka nje hugharimu karibu fedha ya mbuzi, na mwenye kuinunua asiwaambie jamaa zake wanaofuga.

Kosa la kwanza la wengi ni kukandamiza. Aliyezoea kiwembe cha plastiki cha kutupa amejifunza kusukuma, kwa sababu kile ni chepesi. Akiibeba tabia hiyo kwenye chuma, atatoka bafuni na vipande vya karatasi kidevuni. Mashine nzito hushikwa kwa vidole karibu na mwisho wa mpini, huinamishwa nyuzi kama 30 kutoka usoni, kisha huachwa iteremke yenyewe, kufuata nywele zinakoelekea. Mpito wa pili unaweza kwenda ubavuni. Wa tatu, wa kurudi kinyume, ni wa wenye harusi kesho, na hao ndio hasa wasiopaswa kujaribu.

Katika nchi hii suala hilo lina uzito wake, maana nywele zetu nyingi ni za kipilipili. Nywele ya namna hiyo ikikatwa chini ya ngozi hujikunja ikiota, ikarudi kuchoma ndani, na matokeo ni vipele vya shingoni. Mashine ya nyembe mbili iliyoingia sokoni mwaka 1971, na ya nyembe tano iliyofuata mwaka 2006, zilikusudiwa hasa kukata chini kabisa: wembe wa kwanza unaivuta nywele, unaofuata unaikata, kisha inazama. Kwa shavu la Kilosa, wembe mmoja ndani ya mashine pole unaoacha nywele usawa wa ngozi ni chaguo la busara kuliko nyembe tano za matangazo.

Nyumbani adui wa mashine ni familia. Wembe mpya uliofungwa Jumamosi jioni hukutwa Jumapili asubuhi umeshachonga penseli za darasa la tatu, umefumua pindo la sare na umekata kucha za shangazi, kisha umerudishwa mahali pake kwa adabu. Ukipitishwa shavuni hautelezi tena, unang'oa. Masika nayo huleta yake: Mto Mkondoa ukifura, maji yanaweza kukatika wakati nusu ya uso ni povu, na nusu hiyo si rahisi kuieleza mlangoni kwa mgeni.

Safari ya Mikumi huongeza mengine. Njia ya kutoka Kilosa hupita Ulaya, kijiji cha wilaya hiyo hiyo, hivyo mtu anaweza kusema bila uongo kwamba mashine yake imefika Ulaya. Mtikisiko wa njia hulegeza skrubu, na mashine isipokazwa upya wembe hukaa upande. Gesti za Mikumi, kando ya barabara kuu iendayo Zambia, zina tabia moja: kioo kimetundikwa na fundi mfupi sana au mrefu sana, na taa iko nyuma ya anayenyoa. Sakafu ni ya saruji, na mashine nyingi za bei ya kati ni za zinki iliyopakwa kromi, kwa hiyo ikiteleza mara moja, shingo ya skrubu inakatika na kichwa kinabaki peke yake. Madereva wa malori ya Zambia hunyolea kwenye kioo cha ubavuni. Mwanga ni mzuri, ila injini ikinguruma kioo hutetema, na dereva hujiona ana videvu viwili bila kujua kipi ni cha kunyoa.

Baada ya kunyoa, kipande cha shabu kilicholoweshwa hufunga mikwaruzo midogo. Spiriti pia hufanya kazi, na jirani wa chumba cha pili atajua imefanya.

Unabaki wembe uliokwisha. Zamani kabati za bafuni Marekani ziliwekwa tundu la kutumbukizia nyembe ndani ya ukuta, na mafundi wanaobomoa nyumba hizo hukutana nazo mpaka leo. Huku kwetu watu huchomeka wembe kwenye ufa wa ukuta au kwenye makuti, mahali pale pale ambapo mtu mwingine atapapasa usiku akitafuta kiberiti. Kopo la maziwa lililotobolewa ufa mwembamba kwenye mfuniko linatosha kwa miaka mingi. Likijaa, hugongwa nyundo ufa ukajifunga, kisha hutumbukizwa chooni, kwenye shimo.