Jinsi ya Kuuza Nyumba ya Familia Iliyokarabatiwa Bila Kuisumbua Familia

Hongera, ndugu muuzaji. Mzee ametangulia mbele za haki, arobaini imepita, na wewe mtoto wa kwanza, unayeishi Dar es Salaam, umegundua kwamba ile nyumba ya Sitalike ni mali. Ilipokuwa inavuja ilikuwa "kwa mama". Tangu lami ya kutoka Mpanda ifike kijijini, imekuwa "kiwanja chetu cha barabarani". Usichelewe. Fuata mwongozo huu hatua kwa hatua, na kabla ya masika utakuwa umeuza, au utakuwa umeitwa kwenye kikao cha ukoo. Yote mawili ni maendeleo.

1. Karabati kinachoonekana tu

Nyumba ya tofali za kuchoma zilizojengewa kwa udongo ina maradhi yanayojulikana: nyufa kwenye pembe za madirisha, unyevu unaopanda kutoka msingini na kuacha chumvi nyeupe ukutani, na mchwa. Yaache yote. Mnunuzi haoni msingi, anaona rangi. Piga skimu, paka rangi ya maziwa, tandaza malumalu sebuleni, funga madirisha ya aluminiamu. Fundi atakupigia simu: "Bosi, nimepanda juu. Kenchi zimeliwa. Mbao mbili nimezivunja kwa vidole." Jibu la kitaalamu ni moja: "Funga jipsamu." Mchwa nao wanahitaji faragha.

Usisahau kung'oa mlango wa mbele. Ni wa mninga, mzee aliuranda mwenyewe, mzito hadi unafungwa kwa bega, na ndiyo mbao pekee ndani ya nyumba ambayo mchwa wameijaribu wakaiacha. Weka badala yake mlango wa chuma wenye maua ya dhahabu. Ule wa zamani mpe fundi kama chakavu. Ataupiga msasa, ataupaka vanishi, na siku moja utaukuta Mpanda mjini ukiuzwa kwa bei inayoupita huo wako mpya.

Kuna nchi zisizojua biashara. Uskoti, tangu Desemba 2008, anayetaka kuuza nyumba hulazimika kwanza kumlipa mpimaji aikague na kuandika ripoti: paa lina hali gani, unyevu uko wapi, kipi kinahitaji kurekebishwa haraka. Tena ripoti hiyo mnunuzi huisoma kabla hajataja bei yake. Ukatili gani huo! Kwetu ripoti ni ndoo tatu za rangi, na inasomwa kwa mbali.

2. Andika tangazo kwa lugha ya madalali

Ukweli wote usemwe, ila uvae nguo nzuri. "Ipo barabarani kabisa" maana yake baraza imo ndani ya hifadhi ya barabara, ambayo kwa barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Kama ukutani pana X nyekundu, piga picha kutokea nyuma. "Maji yapo" maana yake yapo kisimani kwa jirani. "Umeme upo" maana yake nguzo inaonekana. "Haina mgogoro" maana yake mgogoro haujafika baraza la ardhi.

Mazingira nayo yapewe haki yake. Sitalike iko mlangoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974, na mto Katuma ndio unaoilisha. Kiangazi, maji yakipungua, viboko hujazana kwenye madimbwi ya tope yaliyobaki, mgongo kwa mgongo, wakigombania nafasi usiku na mchana. Usiandike "viboko". Andika "mandhari ya mto na sauti za asili". Kiboko akitoka usiku kutafuta malisho akapita uani kwenu, hilo nalo lina maneno yake: "nyasi hukatwa bila gharama".

3. Panga bei kwa kuhesabu kila kitu kilichopo mkoani

Chukua gharama za ukarabati, zidisha mara tatu, kisha ongeza historia. Katavi ilimegwa kutoka Rukwa ikawa mkoa mwaka 2012: ongeza milioni tano. Kijiji kina watalii wanaopita: ongeza nyingine tano. Waziri Mkuu mstaafu Mizengo Pinda ni mwenyeji wa mkoa huu huu: ongeza mbili za heshima. Reli ya Mpanda ilijengwa enzi za mkoloni kufuata machimbo ya risasi, lakini wewe ieleze kana kwamba ilikuwa inaitafuta nyumba yenu, ikachoka ikiwa imebakiza kilomita thelathini na kitu.

Halafu malizia na maneno matakatifu: "Bei maongezi yapo." Uskoti tangazo kwa kawaida hutaja bei ya kuanzia, na wanunuzi hupanda kutoka hapo wakishindana kwa bahasha zilizofungwa. Kule bei ni sakafu. Kwetu bei ni dari, na kama dari lako la jipsamu, mnunuzi wa kwanza akiligusa linashuka.

4. Tafuta dalali, kisha mngojee Mzungu

Dalali mmoja hatoshi, chukua watatu. Kila mmoja ataongeza cha kwake juu ya bei yako, hivyo nyumba moja itakuwa na bei nne, na mnunuzi makini atadhani mtaani pana nyumba nne. Kila dalali atachukua hela ya kuonyesha nyumba, hata siku ambayo ufunguo haukupatikana na nyumba imeonyeshwa kupitia dirishani.

Wote watatu watakuahidi Mzungu. "Bosi, tulia, kuna Mzungu wa utalii anaitaka hii." Usiharibu ndoto kwa kusoma Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, inayosema asiye raia hamilikishwi ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji, kwa utaratibu maalumu. Usisome pia ile sheria pacha yake, ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huo huo, maana humo utakutana na halmashauri ya kijiji, na ukishakutana nayo itabidi uombe kibali badala ya kukata simu.

5. Makaratasi yasikutishe

Hati ya nyumba ni ukurasa wa daftari la mistari, uliokunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni, wenye majina ya mashahidi waliokwisha kufariki na dole gumba la zambarau. Piga picha. Ita "nyaraka zote zipo".

Atatokea mtu wa kuuliza habari za mirathi. Wapo watu wa namna hiyo. Atakwambia kwamba kikao cha ukoo hupendekeza tu msimamizi wa mirathi na mahakama ndiyo humteua, na kwamba hata msimamizi si mmiliki, kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni na kuwagawia warithi. Mjibu kwamba wewe ni mtoto wa kwanza. Akitaja Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayomzuia mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hapo tabasamu. Sheria hiyo ilimhusu mzee. Yeye aliyeijenga asingeweza kuiuza bila mama kukubali. Wewe uliyetuma hela ya rangi utaiuza kwa ujumbe wa WhatsApp.

6. Siku ya kuonyesha nyumba, mama asafirishwe

Hatua hii wengi huipuuza. Mpeleke mama Tabora kwa treni akasalimie, maana akibaki, mambo yatakwenda hivi. Mnunuzi atashuka kwenye gari, atausifu mlango wa dhahabu, atabisha hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu ndani, pita tu, viatu acha. Wewe ndiye uliyekuja kuangalia nyumba?"

"Ndiyo, mama."

"Haya, tembea uione. Hicho chumba cha mwisho ni cha dada yako, ametoka kwa mumewe, hana pa kwenda. Hicho kingine ni cha wajukuu, wanasoma hapa hapa. Hicho masta wanachokiita, ndimo ninamolala mimi. Na mzee naye yupo, twende ukamsalimie."

Naye atampeleka uani, chini ya mwembe. Tangazo lilisahau kutaja kaburi. Mnunuzi atainama asome jina, na hapo ndipo atakapoona kwamba kaburi limetandazwa malumalu zile zile za sebuleni, rangi ile ile, maua yale yale. Zilibaki boksi mbili, fundi akauliza azipeleke wapi, mama akamwelekeza. Yaani katika ukarabati wako wote, kazi pekee iliyofanywa kwa idhini ya mwenye nyumba ni hiyo.

Mnunuzi atakunywa chai, kwa sababu kukataa chai ya mama ni utovu wa adabu, ataacha elfu kumi ya sukari, na hutampata tena kwenye simu.

7. Hifadhi rangi iliyobaki

Usimwage. Nusu ndoo inatosha, na kama kuna nyekundu ya kupaka fisha bodi, bora zaidi. Dada yako, yule wa chumba cha mwisho, ana mwandiko mzuri na tangu mwanzo hakuulizwa kitu. Wiki haitaisha kabla picha haijatua kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, ukuta mzima wa mbele, herufi zenye kimo cha mtoto: NYUMBA HII HAIUZWI. OGOPA MATAPELI.

Usilalamike gharama zako zimepotea. Ukuta ambao haujapigwa skimu ungeyameza maandishi hayo, lakini huo wako umenyooka kiasi kwamba abiria wa basi la Sumbawanga wanayasoma bila dereva kupunguza mwendo.