Matofali ya Kilimanjaro

Mi nina shemeki yangu Ulaya, yuko Bruxelles. Wenzangu wenye shemeki Bruxelles wanatumiwa pesa. Ya msiba, ya harusi, ya bati. Mi nimetumiwa listi. Kurasa mbili, Kifaransa kitupu, eti tunajiandaa kwa mlima. Anataka tukutane Moshi, kule Tanzania, tupande Kilimanjaro pamoja, tupate kuwa ndugu. Jirani, dada yake nimemwoa mimi. Nimezaa naye. Kumbe undugu bado, unatungoja mita 5,895 juu.

Nikamwuliza kwa adabu: shemeki, milima si iko na huku? Toka hapa kwetu Kasongo, Kongo, pita Kabambare, shika njia ya Fizi, mkono wa kushoto Itombwe hiyo hapo. Kilele chake cha Mohi ni mita 3,475. Serikali imeshaifanya hifadhi tangu 2006. Akajibu kule kuna wenye bunduki. Sikubisha. Waongozaji kule hawakosekani, ila ratiba wanapanga wao, na siku ya kurudi hawaiandiki.

Basi Kilimanjaro. Pale tangu 1991 ni marufuku kupanda bila mwongozaji. Yaani mtu anatoa zaidi ya dola 1,500, pesa ya moto kabisa hapa kwetu, halafu anapewa mtu wa kutembea mbele yake akimwambia, "Polepole." Uvivu wangu huu unaonigombanisha na mke wangu, mama Zawadi, kila asubuhi, kumbe Moshi unalipiwa! Na ukifika kileleni, hewa imebaki kama nusu ya ile ya pwani. Bei nzima, hewa nusu. Na hakuna wa kumlalamikia.

Vitu vikaanza kuja, kimoja kimoja, mikononi mwa wasafiri. Taa ya kuvaa kichwani ilifika salama. Umeme wetu unaujua. Mama Zawadi akaivaa usiku uleule akipika sombe, na mpaka leo hajaivua. Mi mwenye mlima nikiiomba niende nayo chooni, naambiwa kuna foleni.

Ukaja mfuko wa kulalia. Mzito, umejaa manyoya, zipu mpaka kidevuni. Listi inasema ujaribiwe nyumbani. Mama Zawadi akautazama mara moja tu: "Sanda yenye zipu haiingii chumbani kwangu." Nikalala nao sebuleni. Joto la Kasongo unalijua. Mfuko huu umeshonwa kwa ajili ya barafu. Nikaiva. Nikasema nitoke, zipu ikagoma. Mikono iko ndani, uso uko nje, na mbu wa mtaa mzima wamepata habari. Nikaita. Wakaja watoto, wakacheka. Wakaita majirani. Wa kwanza kufika alikuja na koleo. Wa pili alikuja na pole za msiba.

Botini nazo. Namba 42. Mi navaa 44. Shemeki anasema zivaliwe mapema zizoee mguu. Zimezoea. Mguu ndio umekataa. Mwalimu mmoja mstaafu akaniona nachechemea pale kwa muuza chai, akafurahi sana, akapata somo. Eti hata Livingstone, yule mzungu msafiri wa zamani, miguu ilimshinda huku huku kwetu. Julai 1870 alirudi Kabambare vidonda vimemla nyayo, amebaki na watumishi watatu tu: Susi, Chuma na Gardner. Akakwama hapo mpaka Februari 1871. Kwa muda aliokaa huku Manyema, Biblia yote aliimaliza mara nne. Mwalimu alidhani ananifariji. Mi nikawaza mtu aliyetoka Uingereza na viatu vyake amelala kibandani, na habari za miguu ya Susi na Chuma mwalimu hana hata moja.

Listi inaendelea: zoea mzigo, tia kilo kumi kwenye sakado, tafuta mlima. Kilo kumi za nini? Nikitia mchele, mama Zawadi atanifuata mpaka nilipo. Nikatia matofali. Nikashika barabara ya Kabambare.

Kwenye barieri kijana akanisimamisha. Fungua. Nikafungua. Akatoa tofali, akaligeuza, akaligonga, akalinusa kabisa.

"Matofali haya yanakwenda wapi?"

"Hayaendi popote. Nazunguka nayo, narudi nayo."

"Ndani kuna nini?"

"Kuna tofali."

Akamwita mkubwa wake. Mkubwa akasikiliza habari ya Kilimanjaro mpaka mwisho, bila kupepesa macho, kisha akasema vifaa vya ujenzi vina ushuru. Nikalipa. Jioni nikirudi, yeye yuleyule, matofali yaleyale: sasa yanaingia mjini. Nikalipa tena. Kwa franka zile ningenunua matofali mengine, mapya.

Na huko mlimani je? Kimlima chenyewe hata jina hakina. Natweta, jasho linaingia machoni, nikasikia kandambili nyuma yangu. Mama mmoja, kitunga mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, mihogo imejaa mpaka juu, na mtoto amembeba mbele. Akanipita. Akarudi nyuma hatua chache, kwa huruma.

"Baba, wamekufukuza nyumbani?"

"Hapana mama. Najifunza kupanda mlima."

"Huko juu kuna nini?"

"Hakuna kitu. Unafika, unapigwa foto, unashuka."

Akachomoa muhogo mmoja, akaniwekea mkononi. "Mungu atasaidia," akasema, akaenda zake. Muhogo nikaula. Ulikuwa mtamu.

Sasa juzi shemeki kapiga simu, katika maneno yake akanidondoshea kwamba Moshi kuna wabebaji, wanaitwa wagumu. Mgumu mmoja mzigo wake kilo 20, mwisho. Mlima uleule, njia ileile, na wao wanalipwa. Wanalipwa, jirani! Na mtu ananitafutia mimi nafasi ya kulipia! Nikamwambia shemeki, futa jina langu kwa wageni, niandikishe kwa wagumu, na undugu utapatikana hukohuko.

Akacheka mpaka yuniti zikaisha. Akapiga tena kunieleza kazi yenyewe. Mgumu anabaki kambini anakunja hema, wageni wameshaondoka. Halafu anawapita njiani na mzigo wake. Wakifika juu wanakuta hema limesimama na chai iko moto.

Nikafikiri. Nikamkumbuka mama wa kitunga. Nikamwuliza shemeki: hao wageni, chai baridi kweli hawanywi?