Eti "Nimemwacha na Dada Yake"

Jamani, hivi tumefikaje hapa? Unakutana na mama sokoni, mgongo mtupu, unamuuliza kichanga kiko wapi. Anakujibu macho makavu: "Nimemwacha na dada yake." Dada yake! Huyo dada mwenyewe yuko darasa la pili, meno ya mbele hana, viatu bado anageuza kulia kushoto. Lahaula! Anayehitaji dada ni yeye.

Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamtaka mzazi akiondoka kwa muda ahakikishe mwanawe anabaki mikononi mwa mtu anayeweza kumtunza. Mtoto wa miaka saba anamweza nani? Ndoo ya maji iliyoachwa wazi inatosha kumzamisha mtoto anayetambaa, tena kimyakimya, dada akiwa uani anaruka kamba. Bado hujasema mafuta ya taa yaliyotiwa kwenye chupa ya soda yakawekwa chini ya meza. Mtoto akiona soda anajua soda, basi.

Na hawa wa makufuli ndio wananimaliza kabisa. Mama mmoja wa mtaa wa pili aliwafungia wanawe kwa nje, akaenda zake kwenye kikao cha vikoba. Eti anaogopa wezi. Tupo hapa kijiweni na kahawa yetu, tukasikia harufu ya uji unaoungua. Tunafika dirishani, katoto kameshika nondo, moshi umejaa nyuma yake, kanatuambia kwa heshima zote: "Shikamooni. Mama kasema tusimfungulie mtu." Mwanangu, utamfunguliaje mtu na kufuli liko huku nje? Fundi baiskeli akaja na nyundo, komeo likang'oka, tukatoa watoto wawili na sufuria nyeusi tii. Mama mtu anarudi, swali lake la kwanza: "Nani kavunja kufuli langu?" Nilishika kichwa. Moto unasubiri kikao kiishe? Mtoto mdogo akiuona moto mara nyingi hakimbilii mlangoni, anajificha uvunguni au kabatini. Nawe umemfungia humohumo!

Halafu vuka barabara, uende kwenye mageti. Huko kuna kijana wa miaka 15, ndevu zinachungulia, hajawahi kutumwa chumvi dukani. Dada wa kazi akienda kwao msibani, baba analazimika kuomba ruhusa kazini aje kumkalia. Kumkalia nani? Mwanamume mzima! Ukimwachia nyumba kwa saa mbili anapiga simu kuuliza gesi inawashwaje. Huyu naye kaonewa, sema tu uonevu wake umepakwa siagi.

Basi hapa kijiweni tulibishana mtoto aachwe peke yake akiwa na umri gani, mpaka kashata zikaisha. Mzee mmoja ana mpwa wake Uingereza, akasema huko sheria haikutaja umri, ila ukimwacha mtoto mahali pa hatari unashtakiwa. Shirika lao la kulinda watoto, NSPCC, linashauri kwamba walio chini ya miaka 12 ni nadra kuwa wamekomaa vya kutosha kuachwa peke yao kwa muda mrefu. Fundi baiskeli akadakia kwamba yeye akiwa na miaka tisa alikuwa analinda mpunga shambani. Sawa fundi, lakini shamba la pili alikuwepo bibi yako, la tatu mjomba. Ungepiga ukunga, wangefika watu kumi. Leo mtoto akilia, jirani anaongeza sauti ya runinga.

Mimi umri siuulizi kwanza. Nauliza: anaijua namba ya simu ya mama yake kwa kichwa? Anajua akishikwa na hofu agonge mlango wa nani, na huyo wa kugongewa ana habari? Akiambiwa na mgeni "baba yako kanituma nikuchukue" atafanyaje? Umeshamwona akizima jiko kwa mkono wake? Kama majibu yapo, mjaribu mchana, nusu saa, wewe ukiwa hapo gengeni. Akiweza, mwongezee. Lakini awe peke yake, siyo na kichanga cha kulea. Na ufunguo mwachie jirani. Kama jirani humwamini hata kwa ufunguo, mbebe mtoto uende naye kwenye kikao chako. Usiku je? Usiku hapana, hilo tusibishane.